Intaneti kwenye gari la kambi: laini ya pili, antena ya paa, busta au Starlink?

Anayesafiri na Land Cruiser yenye hema la juu, au lori lililogeuzwa nyumba, huanza kutafuta dawa ya mtandao siku ile mkutano wa kazi unapoganda akiwa kando ya Ziwa Natron au kwenye njia ya Maralal kwenda Baragoi. Madukani ataonyeshwa vifaa vya kila aina, na kila muuzaji atamwambia chake ndicho kinachomaliza tatizo. Hakipo kinachomaliza lote, kwa sababu tatizo lenyewe si moja. Mtandao dhaifu ni magonjwa matatu yenye dalili zinazofanana: mnara uko mbali, mnara umefichwa na kitu, au mnara umejaa watu. Kila kifaa kinatibu mojawapo na kinashindwa kwa mengine. Anayenunua kabla ya kupima anaweza kufunga antena ya bei kubwa juu ya paa na bado video ikaendelea kuzunguka tu.

Pima kabla ya kununua

Mistari ya mtandao kwenye kioo cha simu haitoshi, maana kila mtengenezaji huichora kwa kipimo chake. Zipo namba mbili za kutazama. Kwenye simu nyingi za Android piga \*#\*#4636#\*#\* au weka programu ya NetMonster; kwenye iPhone piga \*3001#12345#\*.

Namba ya kwanza ni RSRP, yaani nguvu ya mnara kama inavyofika kwenye simu. Huandikwa kwa dBm na huwa hasi: -85 ni nzuri, -100 inafanya kazi, -110 ni dhaifu, -120 uko ukingoni. Ya pili ni SINR, inayoonyesha mawimbi unayoyataka yameizidi kelele kwa kiasi gani: 20 ni safi, 10 inatosha mkutano wa video, chini ya 0 kelele imeshinda. Na desibeli (dB) huhesabiwa hivi: kila dB 3 ni maradufu, kila dB 10 ni mara kumi. Antena inayoongeza dB 6 imekupa mara nne. Kebo mbovu inayokula dB 6 imekunyang'anya robo tatu ya ulichokusanya.

Chukua vipimo mahali patatu: ndani ya gari milango ikiwa imefungwa, nje hatua kumi kutoka garini, na juu ya keria. Kisha pima kasi mara mbili, saa 2 usiku na saa 11 alfajiri. Ukipata -112 kila mahali lakini SINR ni 8, mnara uko mbali ila mawimbi ni safi. Hapo antena italipa. Ukipata -112 ndani na -99 juu ya keria, gari lenyewe ndilo kizuizi. Bodi ya chuma hula dB 10 hivi, na zaidi kama vioo vina filamu yenye chuma. Ukipata -78 nzuri kabisa, lakini saa 2 usiku kasi ni Mbps 1 na alfajiri ni 20, mnara umejaa. Hapo antena haina msaada mkubwa. Dawa ni kuhamia kampuni nyingine au masafa mengine ya mnara huohuo. Ikiwa kasi ni mbovu saa zote mbili huku RSRP na SINR ni nzuri, njia inayounganisha mnara na mtandao mkuu ndiyo nyembamba, na hakuna kifaa cha kufunga garini kitakachoipanua.

Wengi huruka kipimo cha alfajiri kwa sababu kinataka kuamka. Ndicho kinachookoa fedha nyingi kuliko vyote.

Laini ya pili

Hii ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote, na kwa safari za Tanzania ndiyo inayobadilisha mambo haraka zaidi. Sababu iko kwenye jinsi minara ya vijijini inavyojengwa. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote hutoa ruzuku kwa kampuni ijenge mnara kwenye kata isiyo na mawasiliano. Mikataba ya Mei 2023 peke yake ilihusu minara 758. Matokeo yake ni kwamba kata hii mnara wa karibu ni wa Vodacom, kata ya pili ni wa Halotel, ya tatu ni wa Airtel, Yas au TTCL. Laini yako inaweza kuhangaika na mnara ulio ng'ambo ya kilima kwa -116 wakati kampuni nyingine ina mnara kilomita mbili kutoka ulipopiga kambi. Antena ya kuziba pengo hilo haipo. Kaskazini mwa Kenya Safaricom ndiyo inayofika mbali kuliko wengine, lakini Airtel ya akiba haina hasara, hasa kwenye miji midogo ambako mnara wa Safaricom hujaa jioni.

Sajili laini zote kabla ya kuondoka mjini. Tanzania usajili ni wa alama za vidole pamoja na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), au pasipoti kwa mgeni, na kijijini mashine ya kusajili inaweza isiwepo. Nunua bando ndogo kwenye kila laini, upime ulipo, kisha ununue kubwa kwenye laini iliyoshinda. Ukikaribia mpaka kama Namanga, Horohoro au Tunduma, acha simu isijichagulie mtandao: ichagulie mwenyewe na uzime data ya ng'ambo. Simu hupenda mnara wenye nguvu, na mnara wenye nguvu unaweza kuwa wa nchi ya pili.

Simu itakayotoa hotispoti isikae kabatini karibu na friji. Iweke kwenye kioo cha upande uliko mnara, au nje juu ya keria ndani ya kikopo cha plastiki, kivulini. Kivuli ni lazima, maana simu inayochomwa na jua la saa 7 mchana hupunguza kazi, kisha hujizima yenyewe. Wi-Fi yake itafika ndani ya gari bila shida.

Njia hii inashindwa pale ambapo kampuni zote ziko mbali, na pale ambapo watu wawili wanafanya kazi siku nzima kwa hotispoti ya simu moja. Betri ya simu hiyo haitamaliza mwaka.

Antena ya paa na rauta ya 4G

Kwa anayefanya kazi kutoka barabarani, hapa ndipo fedha inapolipa zaidi, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika.

Antena nzuri haizalishi nguvu yoyote. Inakusanya zaidi na kuitoa nje ya sanduku la chuma. Faida yake ya pili husahaulika: inasaidia pia kutuma. Mnara hurusha makumi ya wati, simu yako hurusha 0.2 tu. Ndiyo maana mahali pa mbali unaona mistari miwili lakini ujumbe wa WhatsApp umekaa na alama ya saa: unausikia mnara, wenyewe haukusikii. Antena hufanya kazi pande zote mbili.

Kwa gari zipo aina mbili. Ya pande zote, ile yenye umbo la kofia au fimbo fupi, huongeza dBi 3 hadi 5 (dBi ni desibeli za antena) na hufanya kazi gari likiwa linakwenda. Ya mwelekeo, iwe ya bamba au ya fimbo nyingi kama ya televisheni, huongeza dBi 9 hadi 11, lakini inabidi ielekezwe kwenye mnara kila unapopiga kambi na haifai barabarani. Ukilala mahali kwa siku tatu au nne, ya mwelekeo inashinda waziwazi. Ukihama kila siku utaichoka. Baada ya wiki itabaki ndani ya mfuko wake.

Achana na antena ndogo zinazouzwa kwa jina la "35 dBi". Kupata dBi 35 kwenye masafa ya 800 MHz kunahitaji sahani ya kipenyo cha mita 9 hivi. Kinachouzwa ni fimbo ya sentimita ishirini yenye waya mwembamba wa mita tatu, na mara nyingi waya huo unakula zaidi ya fimbo inavyoleta.

4G hutumia njia mbili za mawimbi kwa wakati mmoja, kwa hiyo rauta ina matundu mawili ya antena, au manne, na yote yanataka kujazwa. Ukichomeka antena moja umekata uwezo hadi nusu. Fimbo mbili za pande zote zitenganishe angalau sentimita 20, na 40 ni bora. Bamba nyingi za mwelekeo tayari zina antena mbili ndani zilizolala kwa msalaba. Hiyo ndiyo ya kununua.

Kebo ndiyo mwizi wa kwanza. Kwa 1800 MHz, RG58 ya kawaida hula karibu dB 0.8 kila mita, kwa hiyo mita 5 zimeshakula dB 4, yaani zaidi ya nusu ya kila kitu. LMR-200 hula karibu 0.47 kwa mita, LMR-240 karibu 0.36, LMR-400 karibu 0.19. Hii ya mwisho ni nene na ngumu mno kupinda kwenye nguzo za gari. LMR-240 ya mita 4 au 5 ndiyo inayofaa magari mengi. Kilicho bora kuliko kebo nzuri ni kebo fupi: weka rauta chini ya dari, karibu na antena, kisha peleka waya wa umeme na Wi-Fi kwa umbali uliobaki. Watu hufanya kinyume, wanaweka rauta chini ya kiti na kuzungusha kebo mita 7.

Angalia vichwa vya kebo kabla ya kulipa. Rauta za 4G hutumia SMA kwa antena za simu na RP-SMA kwa antena za Wi-Fi. Vinafanana na vinajifunga vizuri kabisa, lakini sindano ya katikati haigusi kitu. Utazunguka siku nzima ukilaumu mnara. MiFi, yaani rauta ndogo za mfukoni, hutumia TS-9 au CRC9, ambavyo ni vya kubana tu, na barabara ya kokoto huving'oa ndani ya saa moja. SMA ya gari kaza kwa vidole, kisha malizia kidogo kwa spana ya 8 mm. Ikague kila baada ya siku mbili za barabara mbaya.

Paa la Land Cruiser ni chuma, na antena nyingi za fimbo zinahitaji chuma chini yake ili zifanye kazi ilivyokusudiwa. Paa la kuinuka la faiba halina chuma. Hapo bandika chini ya antena bati la sentimita 30 kwa 30, au nunua antena iliyoandikwa kuwa haihitaji bati. Ukitoboa paa, paka rangi ya kuzuia kutu kwenye ukingo wa tundu kabla ya silikoni, na uache kebo ishuke kidogo kisha ipande kabla ya kuingia ndani, ili maji yadondokee hapo. Tundu lisilopakwa rangi huanza kutu chini ya silikoni mahali usipoona, hasa gari likikaa Tanga, Mombasa au Zanzibar.

Juu ya rauta yenyewe, usinunue namba kubwa kwa ajili ya namba. Cat ni daraja la uwezo wa 4G: rauta ya Cat 4 hutumia masafa mamoja kwa wakati mmoja, hadi Mbps 150 za kwenye karatasi. Cat 6 huunganisha masafa mawili. Vijijini mnara mara nyingi una masafa mamoja tu ya 4G, na tofauti ya Cat 4 na Cat 6 haipo. Kilicho na maana zaidi ni laini mbili ndani ya rauta moja, uwezo wa kufunga masafa, yaani kuilazimisha itumie masafa unayoyataka wewe, na umeme inaoukubali. Teltonika RUT241 hukubali volti 9 hadi 30 na ina laini moja. RUTX11 hukubali 9 hadi 50 na ina laini mbili. Angalia gari lako: Land Cruiser za 70 zilizotoka Japani na malori mengi ni ya volti 24, ambayo injini ikichaji hufika 28.8. Hapo rauta ya mwisho wa 30 iko pembeni mwa shimo. Chukua umeme kwenye betri ya pili, ile ya vifaa vya kambi, si ya kuwashia injini, maana kwenye gari la volti 12 starta inapozunguka volti huweza kushuka chini ya 9 na rauta ikaanza upya katikati ya mkutano. Fyuzi ya ampea 3 inatosha.

Jinsi ya kuielekeza ile ya mwelekeo: tafuta mnara ulipo kwa CellMapper kama eneo limechorwa, la sivyo izungushe nyuzi 30 kila mara. Subiri dakika moja kila hatua kabla ya kusoma, maana rauta huchelewa kubadilisha namba. Andika RSRP na SINR, kisha fuata SINR. Mwelekeo wenye -101 na SINR 14 ni bora kuliko wenye -96 na SINR 3. Baada ya hapo jaribu kufunga masafa. Yale ya chini, 700 na 800 MHz, hufika mbali na kupenya vichaka. 1800 hubeba kasi zaidi ukiwa karibu. Jioni watu wote wa kijiji wakiwa kwenye 1800, kuhamia 800 kunaweza kukupa mtandao ambao simu ya kawaida haiwezi kuuchagua.

Mlingoti wa mita sita una faida, ila si ile inayodhaniwa. Kwenye uwanda tambarare mnara wa mita 45 na antena iliyo mita 2.5 juu ya ardhi huonana hadi kilomita 34 hivi. Ukiipandisha mita 6 unapata 38 tu. Faida halisi ni kuvuka migunga na vichuguu vilivyo mita hamsini mbele yako. Mawingu ya radi yakianza kujengeka, ushushe. Gari lililo peke yake mbugani likiwa na mlingoti wa chuma ni kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu.

Na kuna umbali ambao antena yoyote haivuki. Mnara wa 4G uliowekwa kwa mpangilio wa kawaida hupokea vifaa vilivyo ndani ya kilomita 14.5 hivi, mbali zaidi ya hapo rauta huona mawimbi lakini hairuhusiwi kuingia. Ya vijijini mara nyingi hupangwa kufika mbali zaidi, ila si yote. Ukiona -105 safi na rauta inajaribu kuingia bila mafanikio, songa mbele kilomita tano kabla ya kufungua kisanduku cha vifaa.

Ipo pia njia ya kati isiyojulikana sana: rauta iliyo ndani ya antena yenyewe, kama LHG LTE ya MikroTik ambayo ni sahani ya dBi 17. Hakuna kebo ya mawimbi hata sentimita moja. Unapeleka waya wa mtandao unaobeba umeme pia. Kwa kambi ya wiki nzima mahali pamoja, hakuna kinachoifikia kwa fedha yake. Kwa kuhamahama ni kubwa na inasumbua.

Busta

Busta huchukua mawimbi ya nje kwa antena moja, huyakuza, na kuyarusha upya ndani ya gari kwa antena ya pili. Inapendwa kwa sababu haihitaji kuhamisha laini: kila simu ndani ya gari inafaidika, na hata simu za sauti hupita. Hiyo ni faida ya kweli, maana antena iliyofungwa kwenye rauta haisaidii simu ya kawaida kupigwa.

Mafundisho mengi ya busta yanatoka Marekani, na busta za huko hazifai hapa. Zimetengenezwa kwa masafa ya Marekani: 700 ya kule, 850, 1900 na ule mchanganyiko wa 1700 na 2100. Minara yetu husema kwa 700 ya huku, 800, 900, 1800 na 2100. Busta anayokuletea ndugu kutoka Minnesota au Texas itawaka taa zake zote za kijani na haitafanya lolote. Rauta na simu za soko la Marekani nazo ziangalie kwa jicho hilohilo: tafuta Band 3, 8 na 20 (ndiyo 1800, 900 na 800 MHz) kwenye karatasi ya vipimo.

Pili, sheria. Kenya na Tanzania, vifaa vya mawasiliano vinahitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya au ya TCRA, mamlaka ya Tanzania, kabla ya kutumika, na busta ndiyo inayoangaliwa zaidi kwa sababu inaweza kuharibu mnara kwa watu wote. Inapokuza, inakuza na kelele, na kelele hiyo inapanda mnarani. Kijiji kizima hupoteza mtandao kwa sababu ya gari moja lililopaki kwenye kilima. Marekani mamlaka ya mawasiliano, FCC, inaziruhusu, lakini kwa vipimo: ya kawaida ya gari huishia ukuzaji wa dB 50, na lazima ijipunguze yenyewe inapoanza kupiga kelele.

Hapo ndipo paa linapoingia. Antena ya nje na ya ndani zikisikiana, busta huanza kujisikia yenyewe, kama maikrofoni iliyowekwa mbele ya spika. Paa la chuma huzitenganisha. Paa la faiba au turubai halizitenganishi, na busta hujipunguza nguvu mpaka haina faida, au hujizima. Wenye mahema ya juu na mapaa ya kuinuka ndio hasa wanaolala kambini, na ndio ambao busta inawafaa kidogo kuliko wote.

Tatu, busta ya kawaida hupitisha njia moja tu kati ya zile mbili za 4G. RSRP inapanda kutoka -108 hadi -85 na moyo unafurahi, kumbe kasi imeshuka. Pima kasi, si mistari.

Starlink

Pale ambapo hakuna mnara kabisa, mjadala umeisha: laini, antena na busta haziwezi kukuza kisichokuwepo. Bonde la Suguta na sehemu za pwani ya mashariki ya Ziwa Turkana ni mifano. Starlink ni intaneti ya setilaiti, inayopokelewa kwa sahani. Sahani yake ndogo, Starlink Mini, hukubali volti 12 hadi 48 na hutumia wati 25 hadi 40 kwa wastani; ile ya kawaida ya nyumbani hutumia 75 hadi 100 na inataka inveta. Kwa gari ni Mini.

Hesabu ya betri: wati 30 kwa saa 8 ni Wh 240, yaani ampea-saa 20 za betri ya volti 12. Rauta ya 4G ya wati 6 kwa muda huohuo ni ampea-saa 4. Sola ya wati 100 huimudu Mini mchana wa jua, lakini friji nayo inataka haki yake.

Kosa linalorudiwa ni waya mwembamba. Mini inapowaka inaweza kuvuta karibu ampea 5. Waya wa milimita za mraba 0.75 wa mita 5 kwenda na 5 kurudi hupoteza zaidi ya volti 1. Betri ya 12.2 inafika kwenye sahani ikiwa 11, nayo huzima na kuwaka upya bila mwisho. Tumia waya wa 2.5 na fyuzi ya ampea 10, au weka kipandisha volti cha kufikia 24 au 30 karibu na betri.

Inataka anga wazi, karibu nyuzi 110. Chini ya mgunga mpana itaonekana imeunganishwa, lakini kila dakika chache itakatika sekunde kadhaa; barua pepe hazitahisi, mkutano wa video utavunjika. Kwa hiyo unalazimika kuchagua: kivuli cha kulala au anga ya sahani. Nunua kebo ndefu uiweke mbali na gari. Mvua kubwa huikata kwa dakika, kisha hurudi.

Leseni huamua safari. Huduma ilianza Rwanda Februari 2023, Kenya Julai 2023. Tanzania haikuwa imeipa leseni hadi mwisho wa 2024, kwa hiyo anayetoka Nairobi kwenda Arusha kupitia Namanga aulize TCRA na forodha kabla ya kuipakia, siyo akiwa mbele ya dirisha la mpakani.

Kwa kutazama kwa pamoja

| Njia | Inatibu | Inashindwa | Umeme |
|---|---|---|---|
| Laini ya pili | Mnara mbali, mnara uliojaa | Kampuni zote zikiwa mbali | Wa simu tu |
| Antena ya pande zote na rauta | Bodi ya chuma, umbali wa kati, gari likienda | Mnara uliojaa, bonde lenye kina | Wati 5–10 |
| Antena ya mwelekeo na rauta | Umbali mkubwa, kelele ya minara mingine | Kuhama kila siku | Wati 5–10 |
| Busta | Simu za sauti, watu wengi garini | Paa la faiba, kasi, sheria | Wati 10–20 |
| Starlink Mini | Mahali pasipo mnara | Miti, nchi isiyo na leseni, betri ndogo | Wati 25–40 |

Nani achukue nini

Familia ya wikendi inayokwenda Mikumi, Lushoto au Naivasha isinunue kifaa chochote. Laini mbili za kampuni tofauti na simu kwenye kioo zinatosha.

Kampuni ya utalii inayobeba wageni inataka mtandao gari likienda: antena ya kofia ya pande zote, rauta ya laini mbili, kebo fupi. Waambiwe wageni mapema kwamba ndani ya kreta ya Ngorongoro na chini ya kingo za Bonde la Ufa mawimbi yanaweza kukatika pale ukuta wa mlima unaposimama kati yao na mnara, na kwamba gari likipanda ukingoni yatarudi.

Anayefanya kazi wiki tatu ndani ya Tanzania achukue rauta hiyohiyo pamoja na bamba la mwelekeo la kusimamisha jioni. Wa Turkana, Chalbi na Marsabit aanze na Mini na laini ya Safaricom, antena baadaye. Wa kuvuka nchi tatu asitegemee Mini peke yake.

Kwenye rauta ya laini mbili kuna mpangilio mmoja wa mwisho, ambao ukikosewa huharibu kazi yote iliyotangulia. Iambie ipime intaneti kila sekunde 30 na ihame laini baada ya kushindwa mara tatu, siyo mara moja. Na ikihama, ikae huko angalau dakika 10 kabla ya kujaribu kurudi. Ukiiacha ihame kwa kila kukatika, mahali penye minara miwili dhaifu itashinda ikiruka kutoka laini hadi laini, na kila mruko ni nusu dakika bila mtandao.